UZI: Tuache kumsingizia shetani kila kitu. Kwa nini Mkristo anaanguka majaribuni?

Mleta mada

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zangu wa parokiani. Wasio na dini nao karibuni, matusi tu ndiyo tuyaache nje.

Kuna kesi ambayo aliyekaa kanisani miaka mingi lazima ameiona au kuisikia. Mhazini wa kwaya. Mtu mpole, hakosi mazoezi, sauti ya pili anaibeba yeye. Kwaya inachangishana pesa za sare, michango inatumwa kwenye simu yake. Siku fundi anataka malipo, pesa hakuna. Anaitwa kwenye kikao cha wazee, analia, anasema: "Wapendwa, nisameheni, shetani alinipitia." Anaombewa, anasimamishwa huduma kwa muda, anachaguliwa mhazini mwingine, na michango inaanza kutumwa kwenye simu ya huyo mwingine.

Jibu hilo linanikera, na si kwamba shetani hayupo. Yupo, Injili haioni aibu kumtaja. Linanikera kwa sababu likishatoka, hakuna anayeuliza swali la pili. Mtuhumiwa ameshapatikana, haonekani, na hawezi kuitwa kikaoni akajieleza.

Sasa someni Yakobo 1:14-15 polepole: "Lakini kila mmoja hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa. Halafu ile tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi, na ile dhambi ikiisha kukomaa huzaa mauti." Humo hamna shetani. Anayevutwa na kinachomvuta wanaishi nyumba moja. La kumfanya shetani Yakobo analisema sura ya 4 mstari wa 7, na pale anasema tumpinge naye atatukimbia. Kwa Yakobo shetani ni wa kufukuzwa. Wa kuchunguzwa ni wewe.

Halafu oneni, amesema mimba. Angeweza kusema tamaa ni mshale, ukikupata umekupata. Amechagua kitu chenye muda. Kuna kutunga, kuna kukua, kuna kuzaliwa, na katika muda wote huo mwenye nacho anajua anacho, hata kama majirani hawajaona.

Hoja yangu ndiyo hiyo: mtu haanguki siku ile anayoanguka. Siku ile ni ya matokeo. Kuanguka kulishafanyika zamani, kwa ruhusa ndogo ndogo ambazo kila moja ukiitazama peke yake huoni kosa.

Mrudieni mhazini. Mwanzo pesa za kwaya na pesa zake zilikaa kwenye laini moja. Hapo hajaiba. Usiku mmoja mtoto ana homa kali, duka la dawa linataka elfu ishirini, mshahara bado. Akatoa, mwisho wa mwezi akarudisha yote na makato ya kutolea akayafidia. Muungwana kabisa! Lakini usiku ule alijifunza kitu ambacho hakukijua: hakuna anayeuliza. Mwezi wa pili ikawa ada. Akarudisha nusu. Mwezi wa tatu ikawa kodi ya nyumba, hakurudisha kitu. Deni likawa kubwa kuliko mshahara, na hapo ndipo akaanza kuweka mkeka, mechi kumi na mbili kwa dau dogo, akiwa na nia njema kabisa ya kurudisha pesa ya Bwana. Mtu wa nje anaona mwizi anayebeti. Mwenyewe mpaka dakika ya mwisho alijiona mkopaji aliyechelewa.

Mhubiri 8:11 alishayaona haya: "Kwa sababu hukumu juu ya tendo baya haitekelezwi upesi, kwa hiyo mioyo ya wanadamu huthibitika ndani yao kutenda mabaya." Kosa la kwanza likikosa adhabu, moyo hausemi "nimesamehewa". Unasema "kumbe inawezekana".

Mfuateni na Akani, Mwisraeli mmoja, katika Yoshua 7. Yeriko imeanguka, nyara zote zimewekwa wakfu, yaani ni za Mungu, haziguswi, yeye anakiri mwenyewe mstari wa 21: aliona joho zuri, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50, akavitamani, akavitwaa, akavificha ardhini hemani mwake. Kuona, kutamani, kutwaa, kuficha. Linganisheni na Mwanzo 3:6, mwanamke aliona mti wafaa kwa chakula, wapendeza macho, wa kutamanika kwa maarifa, akatwaa. Kisha wakajificha. Mwendo ni ule ule. Na jingine: joho lile asingelivaa popote. Angelivaa wapi Israeli nzima isimwulize? Tamaa ilimfanya aibe kitu ambacho kukitumia asingeweza. Ndivyo ilivyo, inakuahidi kitu halafu inakunyima hata nafasi ya kukifurahia.

Wa mwisho kwa leo ni Daudi, 2 Samweli 11. Wengi wanaanzia kwenye mwanamke anayeoga. Mimi naanzia mstari wa kwanza: ni majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, Yoabu ametumwa na jeshi, wanaizingira Raba, "lakini Daudi mwenyewe akakaa Yerusalemu". Mstari wa pili anaondoka kitandani jioni. Jioni! Wenzake wanalala mahemani, yeye ndio anaamka. Hajafanya dhambi bado. Amejitoa tu mahali alipopaswa kuwa, na muda amejaliwa mwingi.

Anauliza yule ni nani. Anajibiwa kwa swali: "Huyu siye Bathsheba, binti Eliamu, mkewe Uria, Mhiti?" Nendeni sura ya 23, orodha ya mashujaa wa Daudi, jumla 37. Uria Mhiti ndiye anayeifunga orodha. Jina la Eliamu nalo limo. Daudi hakutajiwa mtu asiyemjua, alitajiwa mke wa askari wake. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 10:13 kwamba pamoja na jaribu Mungu atafanya na "mlango wa kutokea". Tunausubiri huo mlango uwe muujiza, malaika ashuke, umeme ukatike. Kwa Daudi ulikuwa mtumishi wa ikulu aliyesema sentensi moja kwa adabu. Mlango ulifunguliwa, akauona, akatuma wajumbe.

Karibuni tujadili.

Moto wa Juu

Mleta mada umeandika vizuri ila unapoteza watu. 1 Petro 5:8, Ibilisi kama simba angurumaye huzunguka-zunguka akitafuta mtu ammeze. Kuna watu wana vifungo. Kuna koo nzima wanaume wote walevi. Huyo utamwambia ajichunguze tamaa zake? Anahitaji kufunguliwa, si kuhubiriwa saikolojia. Hizi ndizo mahubiri za wasomi zinazomfanya shetani apumzike.

Mleta mada

Mkuu Moto wa Juu, mstari huo huo unaanza hivi: "Mwe na kiasi na kukesha." Simba yupo, na maagizo ya kumkabili ni kiasi na kukesha, vyote viwili kazi yako. Paulo naye, Waefeso 4:26-27: jua lisichwe na uchungu haujawatoka, "wala msimpe Ibilisi nafasi". Nafasi inatolewa. Hasira uliyolala nayo wiki nzima ndiyo nafasi yenyewe.

Kuombewa sikatai hata kidogo. Ninachokataa ni kumwombea mlevi Jumapili halafu Jumatatu apite njia ile ile ya kilabuni, na rafiki wale wale, na mshahara mfukoni. Na koo ya walevi, kabla hatujafika kwenye roho za ukoo, tuulize mtoto alianza kuonja akiwa na umri gani na ni nani aliyemtuma kununua.

Mtazame Bwana Yesu jangwani, Mathayo 4. Pale Ibilisi yuko waziwazi, hakuna ubishi. Lakini alianzia wapi? Siku 40 za kufunga, Biblia inasema mwisho akaona njaa. Akaanzia kwenye njaa. Mkate si dhambi, baadaye Yesu alilisha watu elfu tano kwa mikate. Jaribu lilikuwa kuipata haki yake kwa njia ya mkato, nje ya wakati wa Baba. Majaribu mengi ndivyo yalivyo, hayaji yakiwa na pembe. Mhazini alitaka mwanawe apone. Binti anataka kupendwa. Kijana anataka aheshimike mtaani. Haja ni halali kabisa, njia ndiyo mbovu.

Na majibu yake yote matatu aliyatoa Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Hakukimbilia kuyatafuta siku ile, yalikuwemo. Ibilisi naye alinukuu, Zaburi ya 91, kwa hiyo kujua mistari peke yake hakumtishi.

Sina Dini

Mimi siamini haya mambo lakini nimesoma mpaka mwisho. Swali langu dogo: mmezunguka kwa Akani na Daudi wakati tatizo la mhazini wenu ni mshahara mdogo. Mpeni mtu pesa ya kumtosha mwone kama ataiba. Njaa mmeibatiza mkaiita dhambi.

Mleta mada

Sina Dini, hapo una hoja, na utashangaa Biblia iko upande wako kwa nusu. Mithali 30:8-9, mtu anamwomba Mungu asimpe umaskini wala utajiri, amlishe chakula kilicho kadiri yake, asije akashiba akamkana, au akawa maskini akaiba na kulitaja bure jina la Mungu. Huyo anajua kabisa kwamba njaa inasukuma. Na Mambo ya Walawi 19 inamwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni wala asiokote masazo, awaachie maskini na mgeni. Sheria ile ilikuwa inampunguzia maskini jaribu la kuiba kwa kuweka chakula mahali anapoweza kukiokota bila aibu. Kanisa linalohubiri uaminifu kila wiki huku mlinzi wake hajalipwa miezi mitatu, nalo lina la kujibu. Yesu alisema makwazo hayana budi kuja, lakini ole wake mtu yule ambaye yaja kwa sababu yake.

Nusu nyingine sikubaliani na wewe. Mithali ile ile imeona hatari upande wa shibe pia. Daudi alikuwa mfalme, ana wake kadhaa tayari. Na wizi mkubwa unaotangazwa kwenye taarifa za ukaguzi wa hesabu za serikali kila mwaka haufanywi na watu waliolala njaa. Mshahara mzuri unaondoa aina moja ya jaribu. Mwenye nacho anapata jingine: hakuna wa kumwambia hapana.

Mama Mkwe Mtarajiwa

Asante mleta mada kwa kuanzia mstari wa kwanza na siyo kwa mwanamke anayeoga. Nimekaa makanisani nikisikia Bathsheba alivyojianika makusudi. Biblia haijasema hivyo popote. Aliyekuwa juu darini ni Daudi. Na angalieni neno linalojirudia sura ile, Daudi akatuma. Akamtuma Yoabu, akatuma mtu kuuliza, akatuma wajumbe wamlete, akatuma Uria aitwe. Mtu wa kutuma tu. Sura ya 12 inafunguka na Bwana anamtuma nabii Nathani. Na Nathani katika ule mfano wake wa tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee, mwana-kondoo hana kosa hata moja. Kosa lote ni la tajiri aliyekuwa na kondoo na ng'ombe wengi sana.

Kwa hiyo kaka zangu wa vikundi vya vijana mnaotufundisha kuvaa ili ninyi msijaribiwe, someni tena Mathayo 5:29. Yesu amesema jicho lako la kuume likikukosesha, ling'oe. Lako. Hajasema mfunike dada yako.

Na siyo kwamba wanawake hatujaribiwi. Tunajaribiwa sana, ila semina zetu zote ni za mavazi, hakuna anayetufundisha kuhusu wivu, masengenyo, na mikopo ya kausha damu tunayoichukua kimya kimya ili tusionekane tumeshindwa kuchangia sherehe ya mtu.

Mleta mada

Mama Mkwe umemaliza. Hiyo ya mikopo ingestahili uzi wake. Kiburi cha uzima kwenye 1 Yohana 2:16 tunakihubiri kama magari na majumba, kumbe kinaweza kuwa kitambaa cha sare ya harusi.

Jirani wa Parokia

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, niongezee upande wetu kidogo.

Kwanza, sisi tunafundishwa kuepuka nafasi za dhambi, yaani mahali, mtu au hali ambayo unajua ukiingia hutoki salama. Mfano wake mzuri ni Yusufu. Watu wanakumbuka siku aliyoacha vazi akakimbia. Lakini Mwanzo 39:10 inasema mke wa Potifa alimsemesha siku baada ya siku, naye hakumsikia alale naye, "wala kuwa pamoja naye". Alikataa hata ukaribu, na amekataa kwa siku nyingi, ndiyo maana siku ya vazi miguu ilijua njia. Anayeingia chumbani akisema "mimi nimeokoka sitaanguka" hajamzidi Yusufu.

Pili, kuna mmonaki aliyeitwa Evagrio wa Ponto, aliishi jangwa la Misri na kufariki mwaka 399. Aliorodhesha mawazo manane yanayomshambulia mtu: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uvivu wa roho, majivuno na kiburi. Alisema hivi, kwa maneno yangu: wazo kuja au kutokuja haliko mikononi mwetu, lakini likae au lisikae, liko. Hapo wengi wanaumia bure. Wazo chafu limepita kichwani mwako ukiwa kwenye misa, unajiona umeshaanguka, basi unasema heri nimalizie. Hujaanguka. Limepita tu.

Huyo huyo alisema ule uvivu wa roho humvamia mmonaki kuanzia saa ya nne mpaka saa ya nane. Saa zao zilihesabiwa kama zetu, toka jua linapochomoza, kwa hiyo ni saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Jua linaonekana halisogei, anachungulia dirishani, anaichukia kazi, anaichukia sehemu anayoishi, anawaza maisha yangekuwa mazuri kwingine. Waliokaa ofisini na simu mkononi muda huo wananielewa.

Tatu, uchovu. Nabii Eliya, 1 Wafalme 19, ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli, ametishwa na malkia Yezebeli, amekimbia, anaomba afe. Mungu hakumkemea. Malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Maungamo kadhaa tungeyapunguza kama tungelala mapema.

Na wenzako. Mtakatifu Augustino, askofu wa zamani, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, Algeria ya leo, ameeleza jinsi alivyoiba mapeasi usiku akiwa na miaka 16 na wenzake. Hakuwa na njaa, nyumbani walikuwa nayo mazuri zaidi, mengi wakawatupia nguruwe. Alijichunguza kurasa kwa kurasa kwa nini alifanya, akafika mahali akasema peke yake asingefanya. Sina Dini, hiyo haiingii kwenye mshahara.

Sina Dini

Hiyo ya mapeasi nakubali. Nimefanya jeshini mambo ambayo peke yangu nisingethubutu.

Mzee wa Baraza

Vijana, nimewasoma. Nimekaa kwenye baraza la wazee la usharika wetu muda mrefu, niseme kuhusu fedha maana ndiko uzi ulikoanzia.

Mtume Paulo alichangisha fedha za kuwasaidia watakatifu wa Yerusalemu. Soma 2 Wakorintho 8:16-22. Hakuzibeba peke yake. Alimtuma Tito, akamtuma na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, na wa tatu. Akasema wanajiepusha mtu asije akawalaumu, wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Huyu ni mtume. Sisi tunamwachia kijana wa miaka ishirini na nne laini yenye michango ya watu sitini, tunamwambia "tunakuamini mpendwa". Hiyo siyo kumwamini. Ni kumwacha peke yake na jaribu.

Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili, siku hiyo hiyo, waandike, wasaini wote, iende benki siku inayofuata. Michango ya vikundi iingie kwenye akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Hesabu isomwe mbele ya wanachama kila mwezi, hata kama ni elfu tano. Kila nikisema haya kuna anayenuna: "Kwani mzee unaniona mwizi?" Ninamjibu kwamba Yuda alikuwa na mfuko, Yohana 12:6, na waliokaa naye mezani hawakumdhania, hata usiku ule alipotoka walifikiri anaenda kununua vitu vya sikukuu.

Moto wa Juu

Mzee hapo sina neno. Ila bado nasema kuna wanaohitaji maombezi.

Mzee wa Baraza

Maombezi na watia saini wawili, mwanangu. Vyote.

Mgeni

Samahani nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mnaongea habari ya kuzuia. Mimi nauliza aliyeshaanguka, tena kwa kosa moja, anatubu, anarudia, anatubu, anarudia. Ameshachoka hata kuomba msamaha. Anaona kama anamdhihaki Mungu. Huyo mnamwambia nini?

Mleta mada

Mgeni, karibu sana. Warumi 7:19 ni sauti ya mtume, siyo ya mpagani: "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo." Kuchukia unachofanya ni dalili ya uhai.

Chukua wanafunzi wawili wa usiku mmoja. Petro alianza kuanguka mapema: alijisifu kwamba wote wakichukizwa yeye kamwe, akaambiwa akeshe akalala, akamfuata Yesu kwa mbali, akaketi kwenye moto wa watu wa kuhani mkuu. Kijakazi alipouliza, kazi ilikuwa imebaki ndogo. Alikana mara tatu, Mathayo anasema mpaka akaanza kulaani na kuapa.

Yuda naye alijuta. Hili tunalipita haraka. Mathayo 27 inasema alirudisha vile vipande 30 vya fedha, na alikiri kwa mdomo wake kwamba amekosa, ameisaliti damu isiyo na hatia. Toba ina nini zaidi ya hapo? Amejuta, amekiri, amerudisha mali. Lakini alikiri kwa nani? Kwa makuhani waliomnunua. Wakamjibu: "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Akatoka peke yake, akaenda kufa peke yake. Petro alilia kwa uchungu, lakini siku ya tatu, habari za kaburi zilipokuja, alikuwa na wenzake.

Kwa hiyo simwambii huyo mtu aongeze bidii. Bidii ameshaitumia mpaka imeisha. Namwuliza, ni nani mwingine anayejua? Kama jibu ni hakuna, hapo ndipo pa kuanzia. Yakobo 5:16, "Ungamaneni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Msamaha aliomba kwa Mungu akiwa chumbani, sawa, amesamehewa. Kuponywa kumewekwa mahali palipo na mtu wa pili.

Mzee wa Baraza

Naunga mkono. Ule Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya, Burundi na kwetu Tanganyika, ulijengwa hapo. Wazazi wetu waliita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Waliungama kweli, wakarudisha ng'ombe na hata majembe ya watu. Baadaye sehemu nyingine ikageuka maonyesho, mtu anasimama kuungama kwa sifa, na waliokaa wanasikiliza ili wakasimulie. Kwa hiyo Mgeni, usianze na umati.

Mgeni

Nianze na nani basi? Mchungaji wetu ana mdomo, mnisamehe kusema.

Jirani wa Parokia

Sisi tuna kitubio, na padre amefungwa asitoe siri hata kwa kutishiwa maisha. Kwenu sijui utaratibu.

Mleta mada

Mgeni, mtu mmoja. Awe wa jinsia yako, awe amekuzidi umri kidogo au miaka ya imani, asiwe unayemdai wala anayekudai. Usimchague kwa sababu ni mpole, mchague kwa sababu hujawahi kumsikia akikusimulia siri ya mtu mwingine. Mwambie jambo lenyewe kwa jina lake, usizunguke na "nina mapito". Na mpe ruhusa akupigie siku na saa ile unayojua ndiyo yako mbaya. Kama ni Ijumaa usiku, akupigie Ijumaa usiku.

Mgeni

Yupo mmoja. Ngoja nimtumie ujumbe kabla sijabadilisha mawazo.